Kabari

Kioo cha kushoto kilikuwa kikiinama
kila mwendo ulipofika sitini,
kama mkwe anayesalimia,
na badala ya magari ya nyuma
kikanionyesha changarawe, tairi,
ukingo wa lami ukikimbia.

Odoi, utingo wangu, alikisukuma kwa kiganja
kutoka Tororo hadi Nagongera,
mkono nje, mikate ya shule magotini,
akisema, "Mama, kimelala tena,"
kama anayezungumzia mtoto.
Lile lori la saruji sikuliona.
Nilisikia honi, kisha upepo wake,
kisha Odoi akarudisha mkono ndani
na kuhesabu vidole.

Wandera fundi, pale njia ya Malaba,
alikitikisa kwa vidole viwili, akacheka.
"Nunua kipya. Elfu themanini. Kampala vipo."
Elfu themanini ni mikate mingapi?
Nilipiga hesabu nikiwa bado namshukuru.

Jumapili nikakifungua mwenyewe.
Kwanza kifuniko cha ndani, kile cha pembetatu,
kisu cha mkate kikipenya polepole mpaka, pak!
kibanio kimoja kikavunjika. Hakikosi kimoja.
Kisha sponji iliyokauka, ikawa unga.
Kisha nati tatu, spana namba kumi:
mbili zikakubali, ya tatu imeshikwa na kutu,
ikataka mafuta ya kupikia
na matusi ya kwetu
ambayo marehemu mama alidhani sikuyasikia.

Kioo kikaning'inia mkononi, kizito kuliko nilivyodhani.
Na pale shingoni, kati ya chuma na chuma,
palikuwa na kabari.

Ya raba. Ya manjano.
Imekatwa kwa kiwembe, imekunjwa mara mbili,
na upande mmoja ua jekundu, nusu ua,
lililofifia pale kisigino kinapokanyaga.

Kandambili yangu.
Ya kushoto.
Iliyopotea mwaka ule shule zilipofungwa.
Kwa ajili yake nilimtukana mbwa wa Mama Akiror,
mbwa wa watu, mbele ya watu,
nikamwita mwizi, mla viatu, mwana wa fisi.
Mama Akiror hakuniazima chumvi miezi minne.
Na Obbo, mume wangu, huyu huyu,
alipiga magoti na tochi, akamulika chini ya kitanda.
Akaangalia nyuma ya pipa.
"Ajabu," alisema. "Ajabu sana."
Kisha akaenda kuosha gari.

Nilitaka kumwita aje ajieleze.
Mwaka wa pili sasa amelala pale nyuma ya migomba.
Nikacheka mpaka spana ikaniponyoka.
Odoi akatoka mbio kuuliza kama nimejikata.

Raba ilikuwa imechoka, imebonyea,
ngumu kama ganda la mkate wa juzi.
Nikakata pete mbili za mpira wa ndani wa baiskeli,
nikazipaka grisi,
nikaivuta springi kwa bisibisi, nikapachika washa
niliyoitoboa kwenye kifuniko cha kopo la siagi,
nikakaza, nikakaza tena.
Kabari ya Obbo sikuitupa.
Nimeirudisha juu ya pete, pale pale.
Haina kazi. Inakaa tu.

Jumatatu, sabini kwa saa, tukiteremka kuelekea Mulanda:
Mwamba wa Tororo ndani ya kioo,
mdogo, umetulia tuli.
Odoi hajui mkono wake aupeleke wapi.

Jioni nikasimama kwa Mama Akiror na mikate miwili.
Mmoja wa mbwa. Sikueleza.
Mbwa alinusa, akanitazama kwa muda,
akala taratibu
kama anayepokea deni la zamani.

Sasa cha kulia nacho kimeanza kutikisika.
Kandambili ya kulia ipo, chini ya kitanda,
miaka yote hii nimeitunza, sijui kwa nini.
Natafuta kiwembe.